Waya, Taya na Mji wa Shaba

Huko Bunkeya, katika miaka ambayo Msiri alitawala Katanga, kulikuwa na mafundi wa Kiyeke waliojua kuvuta waya. Kipande cha shaba kilipondwa kwa nyundo mpaka kikawa ufito. Ncha ya ufito ikachongwa, ikapenyezwa kwenye tundu la bamba la chuma, na upande wa pili watu wakaikamata kwa koleo na kuivuta kwa nguvu zao zote. Shaba ilitoka ndefu na nyembamba zaidi, lakini pia ilikuwa imekazana. Ukiivuta tena bila kuipasha moto, inakatika. Basi ilirudishwa motoni ikalainika, ikavutwa katika tundu dogo kuliko la kwanza, tena na tena, hadi ukapatikana waya wa kuzungushia nyuzi za mimea au singa za wanyama. Bangili zilizotokana na waya huo, nsambo, zilivaliwa mikononi na miguuni kutoka Katanga hadi Unyamwezi, alikotoka Msiri mwenyewe.

Daktari anayenyoosha meno anaishi kwa kanuni zilezile. Kazi yake yote imo katika ukaidi wa metali: waya ulaini kiasi gani ili ukunjike, ukaze kiasi gani ili utake kurudi ulikotoka, na ukirudi uliburute jino kwa nguvu gani. Akikosea upande mmoja jino halisogei. Akikosea upande wa pili, mzizi wa jino unaliwa.

Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya metali, ulianza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, reli ya kutoka kusini ilipofika. Mwaka uliofuata tanuri la Union Minière lilitoa shaba yake ya kwanza kutokana na mawe ya mgodi wa Étoile. Ungedhani mji wa namna hiyo ungekuwa na historia ndefu ya nyaya za meno. Haikuwa hivyo. Madini ya Katanga yaliingia katika vinywa vya watu wa mbali miaka mingi kabla ya mtoto wa mitaa ya Katuba au Kamalondo kufungwa vyuma, na vyuma vilipomfikia vilikuja pamoja na kipimo cha uso ambacho hakikuchukuliwa katika nyuso za hapa.

Si kwamba watu wa huku hawakuwa na fikra zao kuhusu meno. Walikuwa nazo, na zilikuwa kali. Kwa Wabemba na jirani zao, mtoto aliyeotesha meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa chinkula, akaogopwa kama mkosi kwa ukoo mzima. Pwani mtoto wa namna hiyo ni kigego, na wazee wa huko nao walimtazama kwa jicho la wasiwasi. Wabisa walichonga meno ya mbele, na watu kadhaa wa Maniema pia, kama David Livingstone alivyoandika alipopita huko katika safari zake za mwisho. Kuchonga kulikuwa ufundi wenye maumivu: patasi ndogo, kigongo, na kijana anayetakiwa asilie. Na kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi, mwanya kati ya meno mawili ya mbele umesifiwa vizazi na vizazi, hasa kwa mwanamke.

Mfano unaomgusa zaidi daktari wa leo uko kusini ya Katanga, kwa Wabatoka wa bonde la Zambezi. Vijana wao walipobalehe waling'olewa meno ya mbele ya juu, kwa sababu, walivyomwambia Livingstone, walitaka kufanana na ng'ombe na si punda milia. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 Livingstone alitaja kitu alichokiona machukizo, nacho ni somo zuri la elimu ya meno: meno ya chini, yakiwa hayana tena ya kusagana nayo, yalirefuka na kuinama nje hadi yakausukuma mdomo wa chini mbele. Jino haliko kama msumari ukutani. Linaendelea kupanda maisha yote mpaka likutane na mwenzake. Likikosa mwenzake, halina wa kulizuia. Nusu ya habari ya meno ya juu yanayofunika ya chini kupita kiasi imo humo.

Hatua kubwa ya ufundi huu ilipigwa mbali na Zambezi, katika mji wa St. Louis, Marekani. Mwaka 1900 Edward Angle alifungua hapo shule ya kwanza ya kufundisha kunyoosha meno kama taaluma inayojitegemea. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametangaza mpangilio wake maarufu wa aina za taya kutokana na jinsi magego ya kwanza ya juu na ya chini yanavyokutana, na madaktari wanautumia hadi leo. Vifaa vyake vya mwanzo vilikuwa vya aloi iliyoitwa fedha ya Kijerumani, ingawa haikuwa na chembe ya fedha: ilikuwa shaba, nikeli na zinki.

Mwaka 1904 St. Louis iliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Mwezi Agosti na Septemba, maonyesho yakiendelea, madaktari wa meno wa nchi nyingi walikutana hapo kwa kongamano lao la nne la kimataifa. Katika uwanja huohuo wa maonyesho alikuwapo kijana kutoka Kongo, Ota Benga, aliyeletwa na mfanyabiashara na mmisionari wa zamani Samuel Verner. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa ncha. Watazamaji walitaka sana kuyaona, na Ota Benga, aliyeelewa haraka biashara ya mahali pale, akawatoza senti tano kila mmoja. Miaka miwili baadaye alifungiwa katika banda la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Baada ya kelele za wachungaji Weusi aliondolewa, akaishia Lynchburg, Virginia, ambako walioamua kumstaarabisha walimvalisha nguo za shule na kuyafunika meno yake kwa vifuniko ili ncha zisionekane. Alijiua mwezi Machi 1916.

Hakuna ushahidi kwamba Angle na Ota Benga walikutana, wala haina haja. Inatosha kwamba mji mmoja, mwaka mmoja, ulikuwa na shule inayofundisha mdomo wa mwanadamu unavyotakiwa kuwa, na mdomo wa Mkongo unaotazamwa kwa kiingilio. Angle alikuwa ameshawaonyesha wanafunzi wake sanamu ya kale ya Apollo iliyoko Vatican kama kielelezo cha uso uliokamilika. Haki itendeke: aliyewafundisha sanaa wanafunzi wa shule hiyo, mchoraji Edmund Wuerpel, hakukubali kwamba uzuri una sura moja, akasema kila uso una mizani yake. Maneno ya Wuerpel yalisifiwa sana. Kilichoingia katika vitabu vya kazi ni Apollo.

Élisabethville ya miaka iliyofuata ilikuwa inapima watu kwa sababu nyingine. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza sera ya kuwatuliza wafanyakazi: mikataba ya miaka mitatu, mke na watoto kuruhusiwa kambini, posho ya unga wa mahindi, zahanati, shule. Watu waliandikishwa Lomami, Maniema, hata Ruanda-Urundi, na daktari aliamua nani anafaa. Msimamizi mkuu wa mpango huo, Léopold Mottoulle, alikuwa daktari mwenyewe. Kampuni iliwatunza watoto wachanga kwa sababu iliona katika kila mmoja mchimbaji wa kesho, na haikuficha hesabu hiyo.

Meno hayakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Jino lisilouma halikumhusu mtu, na linalouma liling'olewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika makambi ya migodi kote Afrika ya Kati, na mji wenyewe ulikuwa umegawanywa na ukanda mtupu kati ya mtaa wa Wazungu na ule wa Waafrika uliokuja kuitwa Kamalondo. Hospitali nazo ziligawanywa vivyo hivyo. Mtu anayeng'olewa magego akiwa na miaka 20 anapata nafuu jioni ileile. Miaka inayofuata jino la jirani linaegemea kwenye pengo, la upande wa pili linarefuka kulifuata pengo, taya linakosa nguzo za nyuma, na meno ya mbele yanazidi kufunikana. Wabatoka walijifanyia jambo hilo kwa hiari na kwa sherehe. Kambini lilifanywa kwa koleo, bila ngoma.

Wakati huohuo, kitu kingine kilikuwa kinasafiri upande wa pili. Mawe ya Katanga hayana shaba peke yake. Yana kobalti, na kuanzia miaka ya 1920 Union Minière ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa kobalti duniani. Aloi nyeupe yenye kobalti ilitoka Panda, karibu na Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, ikaenda kusafishwa Olen, Ubelgiji. Mwaka 1932 maabara ya Austenal huko Marekani ilitengeneza aloi ya kobalti, kromi na molibdeni iliyopewa jina Vitallium, kwanza kabisa kwa ajili ya madaktari wa meno, waliotaka kitu kigumu kama chuma kisicholiwa na mate. Ndiyo fremu ya meno bandia ambayo mamilioni ya wazee wa Ulaya na Marekani wameivaa.

Kisha ikaja Elgiloy. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya saa ya Elgin, katika jimbo la Illinois, ilitafuta springi ya saa isiyokatika, ikapata aloi ambayo sehemu 40 katika 100 ni kobalti. Madaktari wa kunyoosha meno waliipenda haraka. Inakuja laini, unaikunja kwa mkono upendavyo, kisha unaipasha moto nayo inakaza. Kinyume cha shaba ya Bunkeya, ambayo moto uliilainisha. Robert Ricketts wa California alijenga juu yake mbinu nzima ya kutibu. Kwa kuwa Katanga ilikuwa na sehemu kubwa kiasi hicho ya kobalti ya dunia, ni vigumu kudhani kwamba nyaya hizo hazikuwa na chembe ya kobalti hiyo ndani yake. Mtoto wa Los Angeles alikuwa anauma Katanga bila kujua.

Na si kobalti tu. Arne Björk, mtafiti wa Copenhagen, alitaka kujua taya la mtoto linakua kuelekea wapi. Picha za eksirei za kichwa zilizopigwa kwa kipimo zilikuwapo tangu 1931, lakini ukiweka picha ya mwaka huu juu ya picha ya miaka mitano iliyopita, uziunganishe wapi, ikiwa kila kitu kimesogea? Björk alipata jibu la ujasiri: alipandikiza katika mifupa ya taya za watoto vipini vidogo vya metali visivyosogea, vyenye urefu wa milimita 1.5 hivi, akawapiga picha mwaka hadi mwaka. Taarifa yake ya kwanza ilitoka 1955. Vipini vyake vilivyojulikana zaidi vilikuwa vya tantali, metali ambayo Manono, kaskazini mwa Katanga, ilikuwa ikichimbwa pamoja na bati.

Alichokiona Björk ndicho kiini cha tiba ya meno yanayofunikana. Taya la chini halishuki tu likikua. Linazunguka. Kwa watoto wengine linazunguka kuelekea mbele na juu: uso unabaki mfupi, kidevu kinatokeza, misuli ya kutafuna inakuwa minene, na meno ya mbele ya juu yanayafunika ya chini hata yasionekane mtoto akifunga mdomo. Kwa wengine linazunguka kuelekea nyuma na chini: uso unarefuka, kidevu kinarudi ndani, midomo inapata taabu kukutana. Kwa kawaida meno ya juu hufunika theluthi moja hivi ya yale ya chini. Yanaweza kuzidisha katika uso mfupi na yanaweza kuzidisha katika uso mrefu pia, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mdomo ukifunguliwa na kuchunguliwa, visa viwili hivyo vinafanana.

Fred Schudy wa Houston, katikati ya miaka ya 1960, alizipa sura hizo mbili majina ya kitaalamu na kuonyesha kwa nini dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Njia rahisi ya kupunguza mfuniko ni kuyainua magego. Ukiinua gego kwa milimita moja, taya linafunguka kama mlango kwenye bawaba, na huko mbele mfuniko unapungua milimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Kwa mtoto wa uso mfupi hiyo ni neema: uso unarefuka kidogo na kidevu kilichotokeza sana kinatulia. Tatizo lake ni kwamba misuli yake yenye nguvu inayarudisha magego chini, kwa hiyo tiba inakwenda taratibu, na ni afadhali ifanyike angali anakua. Kumng'oa meno ili kupata nafasi kwa kawaida kunamzidishia tatizo. Kwa mtoto wa uso mrefu magego yanapanda bila kupingwa, na kila milimita inakivuta kidevu chini na nyuma. Meno yananyooka, uso unaharibika. Huyu anahitaji magego yazuiwe yalipo na meno ya mbele yasukumwe ndani ya mfupa kwa nguvu ndogo sana, kazi ambayo Charles Burstone aliieleza kwa hesabu mwaka 1977. Waya mzito hauwezi kazi hiyo. Ndiyo maana nyaya za nikeli na titani, zilizoingia katika fani hii miaka ya 1970, zilipokelewa vizuri: zinavuta kwa upole na kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1990 baadhi yake zimeongezwa shaba kidogo.

Kwa hiyo swali la kwanza la daktari si meno yamepishana kiasi gani, bali uso huu ni wa aina gani. Na uso ni mrefu au mfupi ukilinganishwa na upi?

Hapa Apollo anarudi. Kipimo cha William Downs cha mwaka 1948, kilichowafundisha madaktari wengi wa dunia kusoma eksirei ya uso, kilitokana na vijana 20, wote Wazungu. Miaka mitatu tu baadaye watafiti watatu wa California walikijaribu kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, Japani na China, wakakuta tarakimu tofauti: kwa Weusi meno ya mbele yameinama nje zaidi na midomo imejaa zaidi, na watu hao walikuwa wamechaguliwa makusudi kwa kuwa na meno mazuri. Wuerpel angetabasamu. Lakini daktari aliyesoma Brussels au Paris akarudi kufanya kazi Afrika alirudi na jedwali la Downs au la wafuasi wake, na jedwali hilo linamwambia kwamba karibu kila mgonjwa aliye mbele yake ana kasoro. Ukilifuata kwa utii, unang'oa magego manne madogo, unayavuta meno ya mbele nyuma, midomo inabonyea. Na ukiyavuta nyuma bila uangalifu meno yanasimama wima na mfuniko unazidi. Mgonjwa anatoka na tatizo ambalo hakuja nalo.

Takwimu za Afrika Mashariki zinaonyesha vizuri ugumu wa kuhesabu. Huko Nairobi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 uliwatazama vijana 919 wenye umri wa miaka 13 hadi 15, ukakuta asilimia 72 wana aina fulani ya hitilafu ya mpangilio wa meno. Dar es Salaam, mwaka 2009, uchunguzi wa wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke ulitoa asilimia 63.8. Inatisha, mpaka usome ndani. Katika huo wa Dar es Salaam magego ya asilimia 93.6 ya watoto yalikutana kama Angle alivyotaka. Taya la chini lililobaki nyuma, ambalo mara nyingi huandamana na mfuniko mkubwa, lilipatikana kwa asilimia 4.4 tu. Miongoni mwa hitilafu zilizoongoza orodha ilikuwamo nafasi kati ya meno. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mwanya unatungiwa sifa. Na meno ya mbele yasiyokutana kabisa, kinyume cha mfuniko, yalikuwa asilimia 16.1, kiasi kinachomwonya daktari wa ukanda huu asikimbilie kuyainua magego ya kila mtu.

Lubumbashi ilikuwa na nafasi ya kulishughulikia jambo hili mapema. Chuo kikuu chake kilianza kufundisha mwaka 1956, na miongoni mwa viongozi wake wa kwanza alikuwamo Jean Hiernaux, mtaalamu wa kupima maumbile ya binadamu, aliyeshiriki pia kuchimba makaburi ya kale ya Sanga kando ya ziwa Kisale, ambamo watu walizikwa na bangili, nyaya na misalaba midogo ya shaba. Hiernaux alipima vichwa na nyuso za maelfu ya watu wa Rwanda na Burundi, kisha, jambo la kumsifu, akageuka kuwa mmoja wa wanasayansi waliokataa kabisa dhana ya mbari. Elimu ya kupima nyuso za Waafrika ilikuwapo mjini. Ilitumika kuwaainisha, haikuvuka mtaa kwenda kwenye kiti cha daktari wa meno.

Baada ya uhuru na vita vya kujitenga kwa Katanga, serikali ilitaifisha Union Minière mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines. Wenyeji wenye umri mkubwa huikumbuka miaka iliyofuata kwa hamu: kampuni ililipa shule, ilitoa unga, na hospitali yake ilimpokea mfanyakazi na familia yake. Kisha Mei 1978 waasi wakaingia Kolwezi. Migodi ilisimama kwa muda, na hofu peke yake ikatosha: kobalti iliyouzwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka huo ilipita dola 40 katika soko huria. Viwanda vya ng'ambo vilivyotegemea kobalti vilianza kutafuta njia ya kuipunguza. Hata maabara za meno zilizidi kutazama upande wa nikeli.

Anguko la Gécamines lenyewe lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990: mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, mwaka uliofuata uporaji ukapita mijini, na shaba iliyokuwa ikizidi tani 400,000 kwa mwaka ikashuka hadi sehemu ndogo tu ya hiyo. Mishahara ikakauka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Aliyekuwa akitibiwa kwa kadi ya kampuni sasa anatibiwa kwa pesa mfukoni, na kunyoosha meno, tiba ya miaka miwili hivi yenye miadi ya kila mwezi, ndiyo ya kwanza kufutwa katika bajeti ya namna hiyo.

Vyuma vikarudi mjini na tabaka jipya: watoto wa wafanyabiashara, wa makandarasi wa migodi, wa watu wa mashirika. Mjini wanaviita apareyi, kwa Kifaransa kilichozoea Kiswahili, na bei inatajwa kwa dola. Wengine wanafuata huduma Zambia, wanavuka Kasumbalesa kuelekea Kitwe au Ndola, ambako kuna chuo kinachofundisha udaktari wa meno. Wenye uwezo zaidi wanakwenda Afrika Kusini au India. Mvaaji anatambulika mezani. Bukari na sombe zinapita bila shida. Michopo inabidi ikatwe vipande vidogo, mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe, muwa usahaulike, na kufungua chupa ya bia ya Simba kwa meno, ufundi ambao vijana wa Lubumbashi hujivunia, kunagharimu breketi moja au mbili.

Ukiitazama kwa karibu, breketi ni kitu kidogo mno kubeba historia yote hii. Ina mfereji wa mstatili ambao kimo chake ni nusu milimita na kidogo, kipimo ambacho breketi nyingi zimebaki nacho tangu Angle alipobuni mfumo wake wa mwisho katika miaka ya 1920, enzi ya nyaya za dhahabu. Ndani ya mfereji unalala waya. Juu yake kinapita kimpira cha rangi, na shabiki wa timu ya Mazembe anaweza kuomba cheusi na cheupe kwa zamu. Waya wa mwezi wa kwanza ni mwembamba na wa mviringo. Unaofuata ni mnene kidogo. Wa mwisho una pembe nne na unajaza mfereji, na kwa huo ndipo mzizi wa jino, si kichwa chake tu, unapoelekezwa.

Madini nayo yanaendelea kutoka. Ule mlima mweusi wa masalia ya tanuri ulioko mjini, ambao kwa miaka mingi ulionekana kuwa uchafu tu, ulikutwa una kobalti ya kutosha kuyeyushwa upya. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 aloi yake ilisafirishwa hadi Kokkola, Ufini. Sasa Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inaishia katika betri. Kinachokwenda kwenye meno ni kidogo kiasi kwamba hakuna anayehangaika kukihesabu.

Kwa mzazi wa Lubumbashi hesabu ngumu iko kwingine. Mfuniko wa meno ya mbele ni miongoni mwa mambo yanayorudi kwa urahisi baada ya vyuma kutolewa, hasa kwa mtoto wa uso mfupi ambaye misuli yake haikuacha kusukuma. Inabidi avae kishikizi usiku, kwa miaka, na aonwe na mtu anayeifahamu kesi yake na mwelekeo wa taya lake, mpaka ukuaji uishe. Kwa mvulana hiyo huweza kufika miaka 18 au zaidi. Aliyefungwa vyuma Johannesburg na kutolewa huko mara nyingi anarudi na kishikizi kimoja katika kiboksi cha plastiki. Kikivunjika, daktari wa mjini anaanza kwa kuuliza kama kuna picha za eksirei za mwanzo, zile zinazoonyesha uso ulivyokuwa kabla waya wa kwanza haujafungwa.